Barua Iliyofia Getini

"Siyo Lwakatale," mama yule alisema. "Lwakatare. Re! Kama redio."

Inspekta Sabina Mhoja alikuwa amesimama kwenye korido ya kituo, jalada kwapani, funguo za gari mkononi. Kurekebishwa matamshi asubuhi-asubuhi ni kitu ambacho hakukipenda tangu akiwa shule ya msingi Usagara, alipokuwa akisimamishwa mbele ya darasa aseme "barabara" na yeye anasema "balabala", darasa zima linavunjika mbavu. Barabara alishaiweza siku nyingi. Majina ya watu ndiyo yaliyokuwa bado yanamponyoka.

"Nimekusikia, mama."

"Umenisikia, ila hujalisema. Mume wa mtu mnamfungia ndani, basi angalau jina lake mlitaje vizuri."

Mama huyu aliitwa Kokugonza. Alikuwa ameketi kwenye benchi tangu alfajiri, hotipoti ya ndizi mapajani, akikataa kuiacha kwa askari yeyote mpaka ahakikishiwe itamfikia mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Injinia Jovinary Lwakatare, mkaguzi wa meli, na mchana huu alitakiwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuilalia. MV Wilhelmina, meli ya abiria ya kampuni ya Mawe Pacha, ilishika moto kwenye chumba cha mashine ikiwa njiani kwenda Nansio. Abiria waliokolewa na mitumbwi ya wavuvi. Fundi wa mashine, Jonathan, hakuokolewa na mtu. Kampuni ikasema: mkaguzi tuliyemkodi hakutuambia kama meli ina ubovu. Mkaguzi akasema: niliwaambia, tena kwa barua pepe, jioni ya kabla ya safari.

Basi. Kesi nzima ilibaki kuning'inia kwenye barua moja. Kama iliingia Mawe Pacha, injinia anarudi kwake kula ndizi. Kama haikuingia, kazi anayo.

"Leo anatoka?" Kokugonza aliuliza.

"Ndiyo naenda kutafuta."

"Mnatafuta leo? Wiki nzima mlikuwa mnatafuta nini?"

Swali hilo lilimuudhi Sabina. Alipita mpaka mahabusu. Koplo Nestory, msaidizi wake, alikuwa ameshamtoa injinia na kumkalisha kwenye kiti cha mbao. Jovinary alikuwa mrefu, mkavu, shati limekunjamana, ila mkao wake bado ulikuwa wa mtu anayesubiri kikao kianze.

"Nikuulize kwa mara ya mwisho," Sabina alisema bila kukaa. "Kwa nini hukupiga simu?"

"Nilipiga. Meneja wao, Maige, alinijibu neno moja: niandikie. Ndio utaratibu wao, lolote la simu hawalitambui. Nikaandika."

"Ukaandika nini?"

"Msiiwashe mashine ya kushoto. Bomba la mafuta linavuja juu ya ekzosi."

"Na baada ya hapo ukalala usingizi."

Injinia alimtazama. "Nililala, ndiyo. Niliambiwa niandike, nimeandika, mashine yao imejibu imepokea. Ningefanya nini zaidi, afande, nikailalie meli pale gatini?"

Hilo la kujibiwa lilikuwa kweli. Kampuni inayomtunzia injinia barua pepe zake ilishaleta maelezo, yamo kwenye jalada: barua ilitoka, ikafika kwenye mashine ya Mawe Pacha, mashine ikajibu imepokea. Baada ya hapo, kiza. Meneja aliapa hajaiona.

Simu ya Sabina ilitetemeka. Mkuu wake wa upelelezi.

"Mhoja, jalada liko wapi? Mwendesha mashtaka analitaka."

"Nipe mpaka adhuhuri, afande."

"Adhuhuri gani? Mtu anapelekwa saa nane!"

"Nalileta, afande. Nalileta."

Alikata, akamgeukia Nestory. "Simu ya huyu bwana iko wapi?"

"Stoo ya vielelezo."

"Isiende mbali."

Mkuyuni siku hiyo barabara ilikuwa imesimama. Malori, mikokoteni ya nyanya, bodaboda zinapenya kama zimelaaniwa. Sabina alipiga honi, akajiona mjinga, akapiga tena. Alipofika ofisi za Mawe Pacha alikuta mapokezi kijana mtanashati amekalia boksi kubwa lenye nembo ya kompyuta, begi la safari miguuni.

"Wewe ni wa hapa?"

"Hapana, dada. Nimetoka Dar, nimekuja kubadilisha seva. Nasubiri chakula cha mchana kiishe nianze."

"Seva ipi?"

"Ya barua pepe. Ya getini."

Ebo! Sabina aliona mikono inamwasha. Kitu pekee kilichoshuhudia ile barua, na leo ndiyo siku ya kukitoa.

Maige, meneja wa uendeshaji, alimpokea mlangoni mwa ofisi yake kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mzima mwenye mwili, kaunda suti ya kijivu, sauti ya chini isiyo na haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Mhoja, eti? Mhoja wa wapi?"

"Usagara."

"Aa! Mwangaluka basi, tusalimiane Kisukuma. Wewe ni wa nyumbani kabisa, mimi ni wa pale Misungwi. Ningejua, ningekuletea maziwa." Alicheka, akamvutia kiti. "Pole na kazi. Huyu Lwakatale ametuletea msiba, kisha anataka kutubebesha."

Dirishani kwake ziwa lilikuwa linameremeta, na pembeni, gatini, MV Wilhelmina imefungwa kamba, ubavu wake mmoja mweusi. Sabina alibaki amesimama.

"Mzee, seva ya getini inabadilishwa leo. Kwa nini leo?"

"Imezeeka. Tuliagiza mpya zamani, imefika jana. Ni bahati mbaya tu."

"Naomba kuiona kabla haijatoka."

"Mbona rahisi? Evelina!"

Evelina ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta wa kampuni, mama wa makamo kutoka Ukerewe, macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliwaongoza mpaka chumba kidogo chenye baridi ya kiyoyozi na ngurumo ya mashine. Maige aliingia nao, akasimama mlangoni.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," Sabina alisema. "Barua inatoka kwa mtu, inamfikiaje meneja?"

"Haiji kwake moja kwa moja." Evelina aligusa mashine ya chini, nyeusi, iliyowekwa peke yake mbali na zingine. "Inafika kwanza hapa. Sisi tunaiita geti. Hili tumeliweka nje ya uzio kwa makusudi. Seva yenye barua za watu iko ndani, ile kule, na haizungumzi na ulimwengu kabisa. Inazungumza na geti tu."

"Kwa nini?"

"Wezi. Akija mtu mbaya anakutana na askari wa getini, hakutani na mwenye nyumba. Hata akilivunja geti, ndani yake hakuna barua ya mtu. Lina nakala tu ya majina ya wafanyakazi, ili lijue nani yupo na nani hayupo."

"Sasa askari huyu anaulizaje?"

"Kama askari yeyote. Unatoka wapi? Kweli unatoka huko, au umevaa jina la mtu? Unamtaka nani, yupo? Umebeba nini, kuna sumu humo? Akiridhika, anaipeleka ndani. Asiporidhika anaikataa palepale, na aliyetuma anaambiwa imekataliwa."

"Injinia hakuambiwa imekataliwa. Aliambiwa imepokelewa."

"Ndiyo."

"Basi iliingia."

Evelina alisita, akamtazama Maige. Maige akajibu yeye.

"Kuna njia ya tatu, afande. Mwambie, Evelina."

"Geti linaweza kupokea," Evelina alisema polepole, "halafu likatupa. Kimya kimya. Aliyetuma anaambiwa asante, imepokelewa, na barua inaishia kwenye taka. Tunafanya hivyo kwa matapeli, ili wasijue kuwa tumewafungia."

"Na injinia alifungiwa?"

Maige alinyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Mwonyeshe."

Evelina alifungua ukurasa wa amri za geti. Zilikuwa nyingi: matapeli wa bahati nasibu, wauza dawa, watu wa urithi wa ng'ambo. Chini kabisa kulikuwa na amri moja imeandikwa: *tupa bila kujibu kila kinachotoka kwa j.lwakatale*, ikifuatiwa na jina la kampuni inayomtunzia barua zake. Sabina aliisoma kwa sauti, neno kwa neno. Ilikuwa hivyo hivyo.

"Iliwekwa lini?"

"Geti hili la zamani haliandiki lini wala nani," Evelina alisema. "Na kumbukumbu za barua zilizopita linazitunza siku chache tu, zimeshajifuta."

"Na kisanduku chako, mzee?"

"Mimi husafisha kila jioni. Sipendi uchafu."

"Evelina, uliiweka wewe amri hii?"

"Hapana! Sikuiweka mimi, haki ya Mungu."

"Nani mwingine ana neno la siri?"

Maige akashusha pumzi, kama baba anayelazimika kusema jambo la aibu la mwanaye. "Analo yeye. Na mimi, kwa dharura, ila mimi kompyuta naijulia wapi? Afande, hawa waliwahi kugombana. Lwakatale alimwambia mbele ya wafanyakazi kwamba hajui kazi, mtandao ulipokatika siku ya kikao. Hakumsamehe. Simlaumu. Alikasirika, akamfungia, akasahau. Tutamchukulia hatua za ndani."

"Nilikasirika, ndiyo!" Evelina alisema, na sauti ikampasuka. "Ila sikumfungia. Jonathan alikuwa ananisalimia kila asubuhi anaposhuka chini. Mimi nimuue Jonathan kwa sababu ya kutukanwa na injinia?"

Sabina alimkazia macho. Alikuwa na sababu, alikuwa na ufunguo, na alikuwa anatetemeka. Kesi za wengi aliowahi kuwapeleka mahakamani zilianza hivyo. Lakini hata ikiwa ni yeye, jibu la kesi lilikuwa moja tu: barua ilifia getini, meneja hakuiona, na injinia hakufuatilia. Aliipiga picha ile amri kwa simu yake na kushuka ngazi kwa hasira, bila kujua anamkasirikia nani.

Ndani ya gari hakuwasha injini. Mkuu wake alipiga, hakupokea. Badala yake alimpigia Kokugonza, kwa kuwa alikuwa amemwacha anasubiri, na habari mbaya ni bora uimalize mapema.

"Mama, nimetoka Mawe Pacha sasa hivi. Barua ya mumeo ilifika kwenye geti lao, likaitupa. Kulikuwa na amri ya kutupa barua zote za Bwana Lwakatale, kwa hiyo..."

"Za nani?"

"Za mumeo, mama."

"Umesema za Lwakatale! Mwanangu, mimi nimekaa kwenye benchi lenu tangu alfajiri. Nimeangalia hilo jalada ulilobeba, juu mmeandika Lwakatale. Mtu mnampeleka jela na jina ambalo siyo lake! Huyo Lwakatale mkamtafute, mume wangu mniachie!"

Mama akakata simu.

Sabina aliliangalia jalada. Kweli, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwa kalamu nyekundu: LWAKATALE. Loo! Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Wakili yeyote angemchezea kama mpira kwa kosa kama lile.

Halafu aibu ikasimama njiani.

Alifungua jalada, akatoa maelezo ya kampuni ya barua. Hapo anwani iliandikwa na mashine, na mashine haina kabila: j.lwakatare. Akafungua picha kwenye simu. J.lwakatale. Akaweka karatasi na simu vikapakana juu ya usukani, akaweka kidole chini ya herufi moja, akakihamisha, akakirudisha. Aliisoma kwa sauti mbele ya watu na hakuiona! Asingeiona hata angeisoma mpaka jioni, kwa sababu ulimi wake mwenyewe ndivyo unavyolisema jina hilo.

Askari wa getini haulizi sauti. Anauliza herufi. Ukimwambia amzuie Lwakatale, Lwakatare anapita anamsalimia.

"Mama wee," alisema peke yake. Amri ile haikuwahi kumzuia mtu.

Alirudi ngazi mbili-mbili. Kijana wa Dar alikuwa ameshafungua boksi lake kwenye chumba cha baridi, bisibisi mkononi.

"Weka chini."

"Dada, nina ndege ya..."

"Mimi siyo dada yako, ni Inspekta wa polisi, na hiyo mashine kuanzia sasa ni kielelezo. Ukiigusa utalala Mwanza, na siyo hotelini. Toka."

Akatoka. Sabina akampigia Nestory, akageukia ukutani, akaongea kwa sauti ya chini.

"Chukua ile simu stoo, saini inavyotakiwa. Mchukue na mkuu wa zamu awe shahidi. Mpe injinia mbele yenu. Aitafute ileile barua aliyotuma, aitume tena kama ilivyo, kwa anwani ileile. Asiongeze nukta. Lakini asitume mpaka nikubipu."

"Sasa hivi, afande?"

"Nestory, ningekuwa na mabawa ningekuja kutuma mwenyewe."

Kisha akamwita Evelina, na akamwomba Maige arudi ofisini mwake wakae wote watatu. Safari hii Sabina alikaa. Maige alikuja akijifuta mdomo, kidogo amekereka.

"Mdogo wangu, nilidhani tumemaliza."

"Bado jambo dogo la kuandika kwenye maelezo. Simu yako iko wapi, mzee?"

"Hii hapa."

"Barua za kazini zinaingia humo?"

"Zote. Mimi siyo mtu wa kukaa ofisini."

"Iweke tu mezani. Asante. Sasa, ile amri ya getini bado ipo, Evelina? Haijaguswa?"

"Ipo. Hakuna aliyeigusa."

"Na kwa amri ile, mzee, barua ya injinia haiwezi kukufikia."

"Haiwezi."

"Hata akituma leo?"

"Hata akituma kesho kutwa. Geti linaitupa. Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona." Sabina alisogeza karatasi nyeupe na kalamu mbele yake. "Nisaidie kitu kimoja. Mimi majina ya Kagera yananipiga chenga. Niandikie jina lake, nisikosee kwenye maelezo."

Maige aliandika bila kufikiri, kwa herufi kubwa nzuri za mtu aliyefundishwa na wamisionari. LWAKATALE. Sabina akamsogezea Evelina karatasi nyingine.

"Na wewe."

Evelina alishika kalamu, akasita. "Mimi nikikwambia ukweli sijui. Rwakatare, Lwakatale, kwetu yote tunasema. Ndiyo maana anwani siziandiki kwa mkono hata siku moja. Nikitaka kumfungia mtu, nafungua barua yake yenyewe nabonyeza hapohapo *fungia*. Geti linajinakilia lenyewe."

"Kwa hiyo ungemfungia wewe, anwani ingekuwa sahihi."

"Lazima. Ingekuwa ni yake mwenyewe."

"Na nani anaweza kuandika anwani kwa mkono?"

"Mtu ambaye..." Evelina alimgeukia Maige. Akaanza kuelewa, na uso wake ukabadilika. "Mtu ambaye hana barua ya kubonyeza. Ambaye ameshaifuta."

"Siku ya pili baada ya moto, Evelina, ulikuwa wapi?"

"Buswelu. Mzee alinituma nikaangalie kompyuta za tawi. Zilikuwa nzima zote."

Maige alicheka kidogo. Kicheko hakikufika mbali.

"Sielewi mnachoongea. Jina ni jina. Re, le, ni kitu kimoja. Wewe mwenyewe, afande, umelisema hivyo hivyo asubuhi nzima."

"Nimelisema. Na ningeandika hivyo hivyo, mzee. Ndiyo maana ulikaribia kunipata."

Sabina aliweka mkono mfukoni na kubonyeza simu. Ikaita mara moja upande wa pili, akakata.

Wakakaa. Nje honi zilikuwa zinapigwa, mtu anatukanana na mwenye mkokoteni. Maige aliinuka nusu, Sabina akamwonyesha kiti kwa kidevu, akakaa tena. Evelina alikuwa ameshika kingo za meza. Sabina alijua hesabu yake iko sawa, lakini alijua pia mtandao wa Mwanza, na kama leo ndiyo siku uliyoamua kulala, mtu ataondoka na pingu saa nane.

Ile simu ya mezani ililia. Mlio mfupi, wa kawaida, kama wa meseji yoyote.

Hakuna aliyeigusa.

"Fungua, mzee."

"Ni matangazo tu hayo."

"Fungua."

Maige aliivuta. Alisoma kimya, na kaunda suti yake ikawa kama imemzidi mwili.

"Imetoka kwa nani?" Sabina aliuliza.

"Kwa... kwake."

"Imepitaje? Si umesema geti linaitupa?"

Maige aliirudisha simu mezani.

"Nikusaidie. Imepita kama ilivyopita ile ya kwanza. Amri uliiweka baada ya moto, ili tukija tuikute, na uliiandika kwa ulimi wako. Geti halikuwahi kumzuia huyu mtu hata siku moja. Soma. Soma kwa sauti, Evelina asikie."

"Afande, tunaweza kuongea, sisi ni watu wa nyumbani."

"Soma!"

Akasoma.

"*Ndugu Maige. Kama ulivyosema nikuandikie, nakuandikia. Msiiwashe mashine ya kushoto. Bomba la mafuta linavuja juu ya ekzosi. Mkiiwasha itashika moto, na aliyeko chini hatawahi ngazi.*"

Evelina alijiziba uso kwa viganja akalia, bila kujizuia, kwa kwikwi. "Ulijua," alisema ndani ya viganja. "Jonathan ameshuka mle chini, na wewe ulijua."

Maige aliangalia dirishani, kwenye ule ubavu mweusi. Alipoongea hakuwa akimwambia mtu yeyote hasa.

"Abiria walikuwa wameshapanda. Watu na kuku na magodoro yao. Barua nimeisoma wao wameshapanda. Ningewashusha vipi?"

"Kwa mdomo, mzee," Sabina alisema. "Ungewaambia tu washuke."

Aliinuka, akaichukua simu mezani kwa leso yake, akaifunga kwenye bahasha ya vielelezo. Akamwomba Maige asimame. Akamwambia haki zake, moja baada ya nyingine, na Maige akaitikia kila moja kwa kichwa. Ndipo akampigia mkuu wake.

"Mhoja! Gari la mahabusu limeshawaka injini, uko wapi wewe?"

"Lizimeni, afande. Msimpeleke. Barua iliingia, na aliyeisoma ninaye hapa."

"Una uhakika? Tusimpeleke nani? Nitajie jina kamili, nimwambie mwendesha mashtaka."

"Jovinary Lwakata..."

Ulimi ulitaka kwenda kulekule ulikozoea. Sabina aliushika. Alivuta pumzi kama yule mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Lwakatare," alisema. "Re, afande. Kama redio."